Mazoezi ya pumzi baada ya oparesheni ya moyo, hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yale yale, na yote yana maana: hiki kidude chenye mipira nakipuliza au nakivuta? Nikikohoa mshono hautaachia? Kifua kinauma hivi alafu mnaniambia nivute pumzi ndefu, kwa nini? Nikirudi nyumbani naendelea mpaka lini? Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, haya ndo nayajibu pembeni ya kitanda cha mgonjwa kila siku, na mtu ambaye ndo kwanza ametoka ICU na dawa bado ziko kichwani hashiki hata nusu ya anachoambiwa, kwa hiyo nimeyaandika hapa uyasome ukiwa umetulia, au ndugu anayekuuguza akusomee, maana mara nyingi yeye ndo anayeangalia saa.

Mwongozo ni wa mtu mzima aliyefunguliwa kifua katikati, iwe ni baipasi ya mishipa ya moyo, kubadilishiwa vali au kuzibwa tundu. Kama umepasuliwa ubavuni, hatua za pumzi ni hizi hizi ila mto utaukumbatisha pale palipo na mshono. Na jambo moja nalisema mapema kabisa: daktari wako au fizio wako akikupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya kwake, yeye ndo ameiona picha ya kifua chako.

Kwa nini tunakusumbua na pumzi

Kwa kifupi tu. Wakati wa oparesheni umelala chali masaa kadhaa, mashine ndo inakupumulia, na kwenye oparesheni nyingi za moyo kuna muda mapafu yanaachwa yamenywea kabisa huku mashine nyingine ikifanya kazi ya moyo na mapafu kwa pamoja. Ukiamka kifua kinauma, kwa hiyo mwili wenyewe unajilinda, unavuta pumzi fupi fupi za juu juu, hukohoi, hujigeuzi. Vifuko vya hewa vya chini kabisa kwenye mapafu vinabaki vimefunga, makohozi yanakwama humo, na hapo ndo nimonia inapopata pa kuanzia. Alafu kiwambo, ule msuli mpana ulioko chini ya mapafu unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupumua, nacho kinakuwa kimelegea, na kuna wagonjwa ambao neva inayokiendesha imesumbuliwa kidogo wakati wa oparesheni.

Dawa ya yote hayo ni pumzi ndefu, ya taratibu, inayofika chini, na inayorudiwa mara nyingi. Hapo pa mara nyingi ndo watu wanapoanguka. Mtu anafanya mara moja asubuhi kwa nguvu zake zote, anatoka jasho, anaona kamaliza kazi ya siku, kumbe ndani ya masaa machache vile vifuko vimeshafunga tena. Pumzi kumi za taratibu kila saa zinakusaidia kuliko mia moja za asubuhi.

Kama hujafanyiwa bado na unasubiri tarehe, usisubiri kwa kukaa tu. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2006, wa watu waliokuwa wanasubiri baipasi na walikuwa na hatari kubwa ya kupata shida za mapafu: kwenye kundi lililofundishwa kuimarisha misuli ya kuvuta pumzi kabla ya oparesheni, 18% walipata matatizo ya mapafu baadaye, na kwenye kundi lingine ilikuwa 35%. Muulize fizio kama unaweza kuanza sasa, na hata kama huwezi kuanza, jifunze hatua ya 2 mpaka ya 6 hapa chini kabla hujapasuliwa, maana kujifunza kitu kipya ukiwa na bomba kifuani ni kazi.

Andaa hivi kwanza

- Ruhusa ya timu inayokutibu. Wengi wanaanza siku ile ile bomba la kupumulia linapotolewa kooni au kesho yake, ila hilo wanaamua wao.
- Dawa ya maumivu. Hii naiweka mapema kwa makusudi. Imeze kwa ratiba uliyoandikiwa, na kama ni ya vidonge panga zoezi lako kubwa (lile la kukohoa na kutembea) nusu saa mpaka saa moja baada ya kumeza. Usijikaze. Mtu anayekataa dawa ili aonekane jasiri hawezi kuvuta pumzi ndefu, na asipovuta pumzi ndefu uzima unachelewa.
- Mto mdogo mgumu kiasi, au taulo zito ulilokunja na kulifunga. Huu utakuwa rafiki yako wiki kadhaa, kaa nao karibu hata ukiwa kwenye gari.
- Kiti chenye mgongo ulionyooka, kisicho na matairi.
- Spairomita, kile kidude cha plastiki ulichopewa wodini. Kama hukupewa usihuzunike, hatua ya 3 na ya 5 zinafanya kazi bila kifaa chochote.
- Simu ya kukukumbusha kila saa, tishu au kikombe cha makohozi, na daftari la kuandika namba zako.

Maji ya kunywa yanalainisha makohozi, ila wagonjwa wengi wa moyo wamewekewa kiwango cha maji kwa siku. Kama na wewe umewekewa, usikizidishe kwa sababu ya makohozi.

Hatua zenyewe

1. Kaa wima. Ukiwa umelala chali, tumbo linakisukuma kiwambo juu na mapafu ya chini yanakosa nafasi, kwa hiyo zoezi linalofanywa kwa kulala linapoteza faida yake kubwa. Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu yote imekanyaga chini, mabega yameshuka. Kama bado uko kitandani, kichwa cha kitanda kiinuliwe na usogee juu mpaka makalio yafike pale kitanda kinapokunjia, la sivyo utakuwa umejikunja tumboni na hewa haitaingia. Kuamka kitandani: kunja magoti, jigeuze ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu, kisha inuka viwiko vikiwa karibu na mbavu. Usijivute kwa kushika kitanda juu ya kichwa wala usimpe mtu mikono akuvute, hapo kidari (mfupa wa katikati ya kifua uliopasuliwa) kinavutwa huku na huku wakati bado hakijaunga.

2. Tuliza pumzi, dakika moja hivi. Weka mkono mmoja juu ya tumbo, chini tu ya mbavu. Pumua kawaida kupitia puani, usilazimishe. Unachotafuta ni mkono uinuke unapovuta na ushuke unapotoa, huku mabega yametulia. Kama mabega ndo yanapanda na tumbo halisogei, unapumulia juu. Usijilaumu, karibu kila mtu anaanzia hapo, toa pumzi taratibu kwa mdomo uliobana kidogo na ujaribu tena. Hatua hii inaonekana ndogo na watu wanairuka, ila ndo utakayoirudia kila ukichoka au ukishikwa na kizunguzungu.

3. Pumzi ndefu. Vuta taratibu kupitia puani, hewa ishuke mpaka chini, uhisi mbavu za pembeni zinatanuka. Ukifika mwisho, bana kwa sekunde 3. Ukiweza, pale juu vuta kidogo tena kwa pua, kama kunusa, kale kahewa ka nyongeza kanasaidia kufungua sehemu zilizogoma. Kisha toa kwa mdomo taratibu, bila kuisukuma. Fanya 3 mpaka 5, rudi hatua ya 2 upumzike, kisha malizia zifike 10. Hiyo ndo dozi ya kila saa ukiwa macho. Usiku lala, hakuna haja ya kuamshwa na alamu.

   Kosa la hapa ni haraka. Pumzi kumi za mbio mbio zitakupa kizunguzungu, midomo na vidole vitaanza kuwasha washa kama ganzi, alafu utasema zoezi halikufai. Zoezi halina shida, ni mwendo tu umekuwa mkali.

   Maumivu ya kuvutika kifuani ni ya kawaida. Vuta mpaka pale unapohisi mvuto, tulia hapo, na kwenye pumzi inayofuata sogea mbele kidogo.

4. Spairomita. Kifaa hiki UNAVUTA. Hupulizi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndo swali namba moja, na mtu anaweza kukaa siku mbili anapuliza huku analalamika mipira haipandi. Fuata hivi:

   - kishike wima usawa wa macho, kikiinama kinadanganya;
   - kwanza toa pumzi yako ya kawaida nje, pembeni ya kifaa;
   - funga midomo kuizunguka ile sehemu ya kuvutia, meno yasiing'ate, pasipite hewa pembeni;
   - vuta taratibu, kwa muda mrefu, mpaka huwezi tena;
   - bana sekunde 3 mpaka 5, toa mdomoni, shusha pumzi kawaida, pumzika kidogo, rudia.

   Kuna aina mbili. Ya pistoni yenye namba za mililita, hapo unaangalia pistoni imefika namba gani, na pembeni mara nyingi kuna kialama kinachoonyesha kama unavuta kwa mwendo sahihi, kisiruke juu wala kisilale chini. Na ile ya mipira mitatu, ambayo namba zake, mara nyingi 600, 900 na 1200, ni kasi ya hewa, mililita kwa sekunde. Kwenye hii ya mipira watu wanashindana, anataka kurusha yote mitatu kwa mpigo, ikigonga juu anafurahi. Sivyo. Mpira mmoja uliotulia juu kwa sekunde 3 una faida kuliko mitatu iliyoruka na kuanguka papo hapo, kwa sababu ukinyonya kwa kishindo hewa inaishia juu na kule chini tunakokutaka haifiki.

   Andika namba yako kwenye daftari mara moja asubuhi na mara moja jioni, inatosha. Siku za kwanza ni kawaida kabisa namba iwe imeshuka mpaka karibu nusu ya ilivyokuwa kabla ya oparesheni, inapanda pole pole kwa wiki kadhaa. Usijilinganishe na wa kitanda cha jirani, lengo la kila mtu linapangwa kwa umri, urefu na kama ni mwanaume au mwanamke. Spairomita ni ya mtu mmoja, hamuazimani hata kama ni mke na mume, na ile sehemu ya mdomoni unaiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kisha unaiacha ikauke.

5. Toa makohozi. Baada ya pumzi ndefu makohozi yanakuwa yamesogea, sasa yatoe. Kukohoa ndo kunaogopwa kuliko kitu chochote, na mtu anakuuliza huku ameshika kifua kwa mikono miwili. Niseme wazi: kidari kimefungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, na kukohoa ukiwa umekumbatia mto vizuri sio kitu cha kukifungua. Makohozi yanayobaki ndani ni hatari zaidi.

   Kumbatia mto kifuani kwa mikono yote miwili, viwiko vimebana mbavu, inama mbele kidogo. Usianze na kukohoa, anza na kuhema: vuta pumzi ya kati, fungua mdomo na koo, kisha sukuma hewa nje kwa sauti ya "haaa", kama vile unatia ukungu kwenye kioo. Fanya mara mbili, pumzika kwa hatua ya 2. Kuhema huku kunapandisha makohozi mpaka juu bila kukutesa. Ukiyahisi yamefika kooni, vuta pumzi, kaza mto, kohoa mara moja au mbili za nguvu, teme, alafu pumzika. Usimeze, teme uone rangi.

   Kikohozi kidogo kidogo cha kooni, kile cha "ehem ehem", hakitoi kitu, kinachosha tu. Na kama umehema mara mbili na hakuna kilichopanda, basi hakuna cha kutoa kwa sasa, acha, usijikohoze kwa lazima. Chafya nayo ikikujia shika mto haraka, na usiibane puani.

6. Tanua mbavu na legeza mabega. Weka viganja pembeni ya mbavu za chini, vuta pumzi ukijaribu kuvisukuma viganja nje, mara 5. Kisha zungusha mabega taratibu kwenda nyuma, mara 5, ndani ya kiasi kisichouma. Baada ya oparesheni watu wanatembea wamejikunja mbele kulinda kidonda, shingo imekaza, na kifua kilichokunjwa hakipokei hewa. Jicheki kila ukipita mbele ya kioo, simama unyooke.

7. Tembea. Hakuna zoezi la pumzi linaloshinda kusimama na kutembea, na kama siku moja una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu, basi tembea. Wodini anza na kwenda mlangoni na kurudi ukiwa na mtu. Nyumbani wengi wanaanza na dakika 5 mara kadhaa kwa siku, wanaongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku moja mbili. Kipimo ni kuongea: ukiwa unatembea uweze kutamka sentensi nzima. Kama unatoa neno moja moja, punguza mwendo. Ngazi panda pole pole, toa pumzi wakati unakanyaga kwenda juu.

8. Usibane pumzi unapotumia nguvu. Kusimama kutoka kwenye kiti, kuvaa viatu, kwenda haja kubwa. Kanuni ni moja, toa pumzi wakati wa ile nguvu. Chooni ndo kuna mtego, kwa sababu dawa kali za maumivu zinafunga choo, mtu anakaa anajikamua huku kabana pumzi, presha inapanda ghafla kifuani. Choo kikiwa kigumu omba dawa ya kulainisha, ni ombi la kawaida kabisa. Kubeba vitu, hospitali nyingi zinaweka mwisho kilo 4 au 5 kwa wiki za mwanzo, maana kidari kinachukua kama wiki 6 mpaka 12 kuunga. Mjukuu atakaa mapajani, hatanyanyuliwa.

9. Kifaa cha kukaza misuli ya pumzi, kwa walioruhusiwa tu. Hiki ni tofauti na spairomita na watu wanavichanganya sana. Spairomita inakuonyesha umevuta hewa kiasi gani. Hiki kingine kina springi ndani, kinakataa kufunguka mpaka uvute kwa nguvu fulani, yaani ni mzigo wa misuli ya pumzi. Kabla hujaanza fizio anapima nguvu yako ya juu kabisa ya kuvuta, na kawaida anakuanzishia 30% ya hapo. Mfano, ukipima 60 (kipimo chake ni sentimita za maji) unaanza na 18.

   Kaa wima, bana pua kwa kibanio, toa pumzi yote, kisha vuta kwa haraka na kwa nguvu. Naam, hapa ni nguvu, kinyume kabisa na spairomita. Alafu unatoa taratibu. Mpango unaotumika sana ni pumzi 30 mara mbili kwa siku, unaweza kuzigawa kumi kumi ukapumzika katikati. Ukimaliza jiulize ilikuwa ngumu kiasi gani kati ya 0 na 10. Ikiwa chini ya 5 fizio ataongeza mzigo kidogo, ikiwa 7 na kuendelea mzigo umezidi. Usizungushe springi mwenyewe kwa sababu leo unajisikia vizuri.

   Usikiguse kifaa hiki kama kidari kinagonga au kusogea, kama juzi juzi pafu lilivuja hewa, kama ngoma ya sikio imetoboka, kama mapigo ya moyo bado yanaruka ruka, au kama una maumivu ya kifua yasiyojulikana yanatoka wapi.

Siku yako inavyokaa

Wiki ya kwanza ni hatua ya 1 mpaka ya 5 kila saa ukiwa macho, ya 6 mara mbili tatu kwa siku, na kutembea kadri unavyoruhusiwa. Ukifungia zoezi kwenye kitu unachofanya tayari haulisahau, ndugu akiingia, chakula kikija, tangazo likianza kwenye tivii. Usifanye mara tu baada ya kushiba, tumbo lililojaa linakibana kiwambo na unaweza kusikia kichefuchefu, subiri kidogo.

Ukirudi nyumbani na ukawa unatembea vizuri, mara 4 mpaka 6 kwa siku inatosha kwa wengi. Hapa sasa ndugu naye awe na kiasi, kukumbusha ni vizuri ila kumfokea mgonjwa kila saa kunamfanya achukie kifaa chenyewe. Kaeni mfanye wote, vuta naye pumzi kumi, hamna hasara.

Simama, tafuta msaada

Nenda hospitali sasa hivi au ita gari la wagonjwa kama: pumzi imekata ghafla au huwezi kumaliza sentensi ukiwa umekaa tu, maumivu ya kifua mapya yanayobana au kusambaa mkononi au tayani, umezimia, unakohoa damu au povu la rangi ya waridi, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, upande mmoja wa mwili au mdomo umelegea.

Piga simu siku hiyo hiyo kama: homa imefika 38 au zaidi, kidonda kinatoa usaha au kimefunguka, kidari kinagonga "ka-ka" ukijigeuza au ukikohoa, mapigo yanaenda mbio au hayana mpangilio (hii inatokea kwa wengi siku za mwanzo na inatibika, ila lazima waijue), mguu mmoja umevimba na kuuma ghafla kwenye shavu la mguu, uzito umepanda zaidi ya kilo 1 kwa siku moja au kilo 2 kwa wiki, hayo ni maji. Kwa kidari kinachogonga, acha hatua ya 9 na uache kutumia mikono kwa nguvu mpaka uonwe.

Mambo yanapokataa

*Mpira haupandi kabisa.* Cheki kama unapuliza. Kama unavuta, angalia mrija haujachomoka kwenye kifaa, midomo imefunga vizuri, na hewa haipiti puani (bana pua kwa vidole uone tofauti). Yote yako sawa na bado? Andika, mwambie fizio, endelea na hatua ya 3 bila kifaa.

*Nikivuta naanza kukohoa mfululizo.* Mara nyingi hiyo ni dalili nzuri, hewa imefika mahali palipokuwa pamefunga na makohozi yamesogea. Shika mto, kohoa, teme, pumzika, kisha rudi ukavute nusu ya mwanzo.

*Kizunguzungu.* Weka kifaa chini, hatua ya 2 kwa dakika mbili. Kikiisha, endelea ukiacha pumzi mbili za kawaida kati ya kila pumzi ndefu. Kikitokea hata ukiwa hufanyi zoezi, au ukisimama tu, sio habari ya mazoezi tena, ipimwe presha na dawa ziangaliwe.

*Namba ilikuwa inapanda, sasa imeshuka siku mbili mfululizo.* Kwanza angalia dawa ya maumivu, je umepunguza? Kama umepunguza mwambie daktari. Kama maumivu yako sawa na namba inashuka huku pumzi inakuwa fupi au huwezi kulala bila mito mingi, nenda ukaonwe, inawezekana maji yamejaa pembeni ya pafu na mazoezi peke yake hayawezi kuyatoa. Daftari linakusaidia hapo, bila namba za jana hakuna anayejua leo imeshuka.

*Makohozi yana rangi.* Siku za mwanzo kuwa na michirizi midogo ya kahawia ni kawaida, bomba lilikuna koo. Yakigeuka njano nzito au kijani na yanaongezeka, au yananuka, piga simu hata kama hamna homa.

*Koo limekauka na sauti imekwama.* Ni bomba la kupumulia. Kwa wengi inaisha siku chache. Isipoisha baada ya wiki mbili, au maji yakikupalia kila unapokunywa, sema mapema.

*Nikilala nasikia kama kiwambo hakifanyi kazi, nakosa hewa, nikikaa napumua.* Mweleze daktari bila kuchelewa. Inaweza kuwa maji, moyo wenyewe, au neva ya kiwambo, na kila moja ina tiba yake.

*Nina pumu au mapafu ya mvutaji sigara wa zamani.* Tumia dawa yako ya kuvuta kama ulivyoandikiwa, dakika 10 mpaka 15 kabla ya zoezi la makohozi, njia za hewa zitakuwa zimefunguka. Na ukitoa pumzi bana midomo kidogo, usiisukume. Sigara hata moja usirudie, na anayevuta ndani ya nyumba atoke nje.

*Nimeacha siku tatu.* Anza leo. Hakuna kulipa deni, usifanye pumzi 100 kufidia, rudi kwenye kumi kila saa ukaone kifua kinasemaje kesho.

*Naacha lini?* Kama fizio amekupa tarehe, tarehe hiyo. Kama hukupewa, unaweza kuiweka spairomita pembeni pale ambapo namba imerudi karibu na lengo ulilopangiwa na imekaa hapo wiki nzima, hukohoi makohozi, na unatembea nusu saa bila kusimama kutafuta hewa. Kifaa cha springi ni wiki alizosema fizio. Ukija kuugua mafua mazito miezi inayofuata, kitoe kabatini spairomita, kioshe, na urudie pumzi kumi kila saa mpaka kifua kiwe chepesi.